Mpira wa rede: Kabla mtoto hajaurusha, jua kilichomo ndani

JUMAPILI iliyopita nilikwenda Tandika, Dar es Salaam, kumsalimia dada yangu. Kabla sijafika mlangoni nilisikia kelele ninazozijua tangu utotoni. Uani watoto walikuwa wanacheza rede. Wawili wamesimama huku na huku, wanne wako kati wanakwepa, na chupa ya maji iko chini nusu imejaa mchanga.

Mpira ukaviringika hadi miguuni kwangu. Nikauokota ili niwarudishie, lakini mkono wangu ukashtuka. Ulikuwa mdogo kama limau kubwa, na uzito wake haukuwa wa matambara.

"Mama mdogo, turushie!" aliita mtoto wa dada yangu, mwenye miaka kumi.

Badala ya kuurusha niliufungua. Juu kulikuwa na soksi, chini yake vipande vya fulana, na katikati kabisa betri kuukuu ya redio, ile kubwa, imeanza kuvuja unga mweupe.

"Nani aliweka hii?"

Wakatazamana. Mwisho mwanangu yule akajibu kwa sauti ndogo: "Mimi, mama mdogo. Bila hiyo hauendi mbali."

Nilikosa maneno ya kumgombeza. Nilipokuwa darasa la tatu, kule Muheza kwa bibi, mimi nami niliweka jiwe ndani ya mpira wa rede kwa sababu hiyohiyo. Leo naomba nikusimulie kilichotokea, kisha tuzungumze namna ya kuchagua na kutengeneza vifaa vya mchezo huu nyumbani kwako.

Mchezo wenyewe ni mzuri

Kwa msomaji aliyesahau, rede inahitaji mpira mdogo, eneo la wazi na, kwa wanaocheza ule wa kujaza, chupa na mchanga. Warushaji wawili hukaa pande mbili na kurushiana mpira wakijaribu kumpiga aliye kati. Aliye kati anakwepa, na akipata nafasi anainama kujaza chupa. Akiguswa na mpira anatoka. Kila mtaa una sheria zake ndogondogo. Ndugu zetu wa Kenya wana mchezo unaofanana nao, wanaouita kati.

Kiafya sina ubaya wa kuusema. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazofanya moyo uende mbio na pumzi zipande. Linashauri pia kwamba angalau siku tatu kwa wiki ziwemo shughuli za nguvu na zinazoimarisha misuli na mifupa. Mtoto anayecheza rede anakimbia, anaruka, anainama, anageuka ghafla. Anafanya hayo yote bila kuambiwa "fanya mazoezi" na bila mzazi kulipa ada popote.

Kwa hiyo sitaki usome makala hii kisha uwafungie watoto ndani na televisheni. Ninachotaka ni uutazame mpira wao.

Siku ile Muheza

Enzi zetu mpira wa rede ulikuwa wa mifuko ya plastiki, ile tuliyoiita rambo. Tuliisokota, tukaifunga kwa kamba, ikawa mpira. Tatizo la mpira ule lilikuwa wepesi. Ukirusha kwa nguvu zako zote, upepo unaupeleka kwenye migomba.

Mimi nilikuwa mrushaji hodari na sikupenda kushindwa. Mchana mmoja niliufungua mpira wetu, nikaweka jiwe dogo, si kubwa kuliko kungumanga, nikaufunga tena. Sikumwambia mtu. Mpira ukawa unakwenda kama nilivyotaka.

Aliyekuwa kati ni binamu yangu, mtoto wa mjomba, aliyenizidi miaka miwili. Aliinama kujaza chupa, akainua uso kutazama mpira ulipo. Ukampata kwenye jicho la kushoto.

Hakulia sana, na hilo ndilo lililotudanganya. Jicho lilikuwa jekundu na akasema anaona ukungu. Bibi, kwa mapenzi yake yote, alimwosha kwa maji ya chumvi, na jioni akamkamulia majani. Siku ya pili alitapika. Siku ya tatu mjomba alimpakia kwenye baiskeli wakaenda hospitali. Daktari alisema damu ilikuwa imejikusanya ndani ya jicho, mbele ya mboni, na shinikizo la ndani limepanda. Alisema pia kwamba wangekuja siku ileile mambo huenda yangekuwa tofauti.

Leo jicho lile linaona mwanga na vivuli, basi. Habari ya jiwe niliitoa baada ya miaka mingi, nikiwa chuoni.

Kwa nini ukubwa na ugumu ni jambo la jicho

Tundu la mfupa linalobeba jicho kwa mtu mzima lina upana wa takriban sentimita 4. Mfupa wa nyusi na wa shavu upo kama ukuta wa kulilinda. Mpira mkubwa na laini ukija usoni hugonga ukuta huo kwanza. Mpira mdogo na mgumu, wa kiasi cha limau, hupita katikati ya ukuta na kulibonyeza jicho lenyewe.

Wengi wa mjini siku hizi huwapa watoto mpira wa tenisi uliochakaa. Ni mwepesi, haufiki gramu 60, na upana wake ni takriban sentimita 6.5. Lakini ukirushwa kwa nguvu hubonyea, na sehemu yake inaweza kuingia ndani ya tundu la jicho. Nauona unawafaa watoto wakubwa wanaofuata sheria ya kupiga chini ya kiuno, si wadogo wanaorusha popote.

Ile mipira ya plastiki ngumu ya dukani nayo ina kasoro zake. Huruka ovyo ikigonga sakafu, na ikipasuka huacha kingo kali. Usidhani kwamba kilichonunuliwa lazima kiwe salama, wala kwamba cha kutengenezwa nyumbani lazima kiwe hatari. Vyote viwili vinapimwa kwa mkono.

Kutengeneza mpira mzuri

Tangu Juni 1, 2019, Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, watoto wamebuni vijazio vingine. Hilo ni jema kwa mazingira, lakini ndiyo sababu leo huwezi kujua ndani ya mpira kuna nini mpaka ushike. Njia rahisi ni kuutengeneza pamoja nao. Unahitaji:

Soksi moja ndefu, ya shule ni nzuri, hata kama imetoboka kisigino. Mabaki ya vitambaa laini, kama fulana kuukuu au khanga iliyochakaa. Kipande cha sponji ya godoro cha ukubwa wa yai. Sindano na uzi.

Kwanza, kata vitambaa viwe vipande virefu vyenye upana wa vidole vitatu. Ondoa vifungo, zipu, pini na mishono migumu.

Pili, anza na sponji, kisha viringisha vitambaa juu yake kama unavyoviringisha uzi. Kaza kiasi, usivute mpaka ukawa mwamba. Endelea hadi upate ukubwa unaozidi kidogo ngumi ya mtu mzima, yaani sentimita 9 au 10 hivi.

Tatu, utie mpira mwishoni mwa soksi, usokote soksi mara moja, uigeuze irudi juu ya mpira, usokote tena, mpaka soksi iishe.

Nne, shona mdomo wa soksi kwa uzi na ufiche fundo ndani. Usifunge kwa waya. Usizungushe mpira wa ndani wa baiskeli kwa nje, maana raba ile huuma ikipiga ngozi na huufanya mpira uwe mgumu kuliko ulivyokusudia.

Ukimaliza, ufanyie majaribio matatu. Ubonyeze kwa kidole gumba, kizame. Upime uzito mkononi, usizidi chungwa moja la wastani. Halafu, na hili ndilo muhimu, simama hatua tano mbali na mwambie kijana mwenye nguvu kuliko wote hapo nyumbani akurushie pajani. Ukisema "aah!" na kulisugua paja, ufungue upunguze. Mpira usiokubali kupigwa nao wewe, usiwape watoto wapigane nao.

Baada ya mvua usiwaache waucheze ukiwa umelowa. Sponji na vitambaa hunywa maji, na mpira uliokuwa kama chungwa huwa kama nanasi. Uanike juani mpaka ukauke hadi ndani.

Hauendi mbali? Punguza uwanja

Turudi kwenye hoja ya mtoto wa dada yangu, maana ni ya kweli. Mpira mwepesi hauendi mbali. Mtoto akiambiwa tu "usiweke jiwe" bila kupewa njia nyingine, ataweka jiwe ukigeuka.

Dawa yake ni kuwasogeza warushaji. Siku ile tulianza na umbali wa hatua zangu kumi na mbili. Tukapunguza hadi nane, na mpira mpya wa soksi ukawa unafika vizuri. Kwa wadogo wa miaka sita au saba hatua sita zinatosha, nao warushe kwa mkono wa chini. Sheria iwe moja kwa wote, kwamba mpira unaompata mtu juu ya kiuno hauhesabiwi, na aliyerusha anampisha mwenzake. Mrushaji akijua kwamba kupiga kichwa kunampotezea zamu, atalenga miguu mwenyewe bila kukaripiwa.

Aliye kati akiinama kujaza chupa, uso wake unashuka hadi usawa wa kiuno. Binamu yangu alipatwa hivyo. Tandika tuliamua kwamba aliyeshika chupa harushiwi mpaka asimame, ila anahesabiwa hadi tano. Watoto waliipinga sheria hiyo kwa dakika kama mbili, halafu wakaanza kushindana nani atajaza mchanga mwingi katika hesabu tano.

Chupa, mchanga na uwanja

Chupa iwe ya plastiki, ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu kwa wakubwa. Wadogo wape kopo la plastiki lenye mdomo mpana ili wasikate tamaa. Usitumie chupa ya kioo wala kopo la bati lenye ukingo uliokatwa. Chupa iliyobeba dawa ya wadudu, mafuta ya taa au dawa ya kuondoa madoa isitumike kabisa hata ikioshwa, kwani watoto wakisikia kiu hawakumbuki chupa ilikuwa ya nini.

Mchanga nao utazame. Kona ambayo paka hujisaidia si mahali pa kuchota mchanga, na udongo uliochafuliwa kwa kinyesi ndiyo njia ya minyoo, ikiwemo safura inayoingia kupitia ngozi ya miguu. Kama huuamini mchanga wa kwako, tumia vipande vya magunzi vinavyopita kwenye mdomo wa kopo. Kwa vyovyote, mchezo ukiisha mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kabla ya kula.

Miguuni raba ni bora. Kandambili huteleza na kukunjika, na mtoto anayegeuka ghafla akiwa nazo ataanguka.

Kabla ya kuanza, zunguka uani mara moja kama mgeni. Jiko la mkaa liko wapi? Kamba ya kuanikia imepita usawa wa shingo ya nani? Kuna nondo, shimo, pikipiki yenye bomba la moto? Ondoa kinachoondoka, na kisichoondoka kiwe nje ya mstari. Mstari uchore kwa kijiti. Usitumie chokaa, kwa sababu vumbi lake likiingia jichoni huunguza.

Jicho likipigwa

Hata ukifanya yote haya, ajali hutokea. Kata sehemu hii uibandike ukutani kama utapenda.

Usilisugue jicho wala kulibonyeza. Usiweke maziwa ya mama, majani, chumvi wala dawa ya matone iliyobaki nyumbani. Mkalishe mtoto au mlaze kichwa kikiwa juu kidogo. Chukua kikombe cha karatasi, kata kitako chake, ukiweke juu ya jicho kikae kwenye mfupa bila kugusa jicho lenyewe, ukishikilie kwa plasta. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuongeza kutoka damu.

Nenda hospitali siku ileile ukiona moja ya haya: anaona ukungu au vitu viwili viwili, anaona vimulimuli au kama pazia limeshuka, damu inaonekana mbele ya mboni, mboni imebadilika umbo, maumivu hayapungui, au anatapika. Jicho likiwa limechanika au kitu kimechoma ndani, usikichomoe, nenda sasa hivi.

Na hata jicho likipona, waambie wahudumu wa kliniki ya macho kila mnapokwenda kwamba liliwahi kupigwa. Presha ya jicho inaweza kujitokeza miaka mingi baadaye.

Jambo la mwisho kwa wazazi wenye mtoto anayeona kwa jicho moja tu. Jicho lile ndilo alilobaki nalo, kwa hiyo asikae kati bila miwani maalumu ya kukinga macho. Mpe nafasi ya mrushaji au mwamuzi, lakini usimwondoe mchezoni. Nasema hivi kwa sababu sisi tulimwondoa binamu yangu. Aliketi barazani miaka yote ya shule ya msingi akitutazama, na hakuna aliyefikiria kumwita.

Mpira wa fundi

Siku hizi binamu yangu ni fundi cherehani, naye anaishi Mbagala. Nilimpigia simu jioni ile ya Jumapili, nikamweleza habari ya betri. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Huyo mtoto umemchapa?"

"Sijamchapa, dada."

"Vizuri. Wewe nawe hukuchapwa." Akacheka. "Niletee soksi, mdogo wangu. Mabaki ya vitambaa ninayo gunia zima."

Jumatano nilimpelekea soksi nne. Alitengeneza mipira minne huku tunaongea, kichwa akikigeuza upande kila anapotunga uzi kwenye sindano, kama afanyavyo siku zote. Kila mpira alioumaliza aliubonyeza kwa gumba, akaugonga kwenye paji la uso wake, akautupia kapuni. Mmoja aliufumua wote na kuuanza upya, akisema fundo limebaki nje.

Jumamosi alikuja mwenyewe Tandika kuileta. Watoto walimshangilia, na mtoto wa dada yangu, ambaye hajui habari ya Muheza, akamwuliza: "Mama mkubwa, utacheza na sisi?"

Nikafungua mdomo kumjibia. Yeye akawahi kuvua viatu vyake vya kisigino, akasimama upande wa mrushaji. Mpira wa kwanza ulikwenda kwenye ndoo za dada yangu. Wa pili ulimpita kila mtu. Kwa jicho moja kupima umbali si kazi rahisi. Wa tatu ulinipata mimi gotini, maana nilikuwa nimeingia kati.

"Toka!" alisema.

Nikatoka.

Ndugu msomaji, wiki hii kabla watoto hawajatoka uani, uombe mpira wao dakika moja. Ubonyeze, uupime, ukiushuku ufumue. Ukikuta jiwe, usiugeuze kuwa ugomvi. Tafuta soksi, kaeni chini mtengeneze mwingine. Tukutane wiki ijayo.